Funguo Tatu, Alama Mbili

Tilden Rapids
11 Machi 1996

Dada Marlys,

Salamu zikufikie hapo Hagen Grove, wewe na shemeji Vern na hayo magoti yako. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa hajambo mwezi wa tatu, theluji imeshageuka tope na jua bado linajishauri.

Nimepata kazi! Tangu gazeti nililokuwa nasahihisha lifungwe Novemba nilikuwa nakaa jikoni nikisaka makosa ya chapa kwenye boksi za nafaka za asubuhi. Sasa nasahihisha mitihani ya darasa la tatu, ile ile mliyowafanyisha wanafunzi wenu mwezi uliopita. Tuko watu sitini ndani ya lililokuwa duka la viatu. Rafu bado ziko ukutani, na kile kiti cha kupimia mguu ndicho anachokalia msimamizi wetu, Bwana Orrin Tvedt, aliyekuwa kocha wa mpira wa kikapu.

Meza yetu imepewa swali moja tu, la kumi na nne, na tutakaa nalo mpaka Mei. Mtoto anachagua neno moja kati ya matatu, ufunguo, mguu au sanduku, kisha anatunga sentensi zenye umoja wake na wingi wake. Umoja ukiwa sawa, alama moja. Wingi ukiwa sawa, alama nyingine. Mengine yote hatuyaangalii. Waliochagua mguu wanapata taabu, maana Kiingereza chetu kinawafundisha kubandika herufi moja mkiani mwa kila kitu, halafu kinawageuka. Waliochagua ufunguo wanapita salama. Orrin anapitapita akisema, "Jamani, tunasahihisha nomino, hatusahihishi maisha." Nasahihisha karatasi mia mbili kwa siku.

Kuna pia karatasi nyekundu. Mtoto akiandika jambo la kutisha, kwamba anapigwa au hana chakula, unaibandika ile nyekundu na kumpelekea Orrin, naye anaifikisha ofisini. Majina hatuyaoni. Juu ya karatasi kuna namba tu, na ofisi ndiyo inayojua namba ni ya shule gani. Mimi nimeshabandika nne. Zote zimerudi, ofisi ikisema hakuna hatari. Babu aliyezikwa nyuma ya gereji alikuwa samaki wa kwenye tangi. Sasa meza nzima wananiita Zimamoto. Nikifika asubuhi, Rhonda, anayekaa karibu yangu, anauliza, "Zimamoto, leo nyumba ngapi zinaungua?" Nacheka nao. Si vibaya kuwa na watu wa kunitania tena.

Nijibu upesi, na uniambie Vern ameacha kuvuta au anajificha tu.

Mdogo wako,
Noreen

Hagen Grove
19 Machi 1996

Noreen mdogo wangu,

Barua yako nimeipata nikiwa nimeweka barafu gotini, kwa hiyo hali yangu unaijua. Vern anajificha. Anadhani moshi wa ghalani hauna harufu.

Nimefurahi umepata kazi, ila usinichekeshe na huyo kocha wako. Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita, sijapata kuona mtoto anayeandika nomino peke yake. Mwaka jana nilimpa mmoja neno "kiatu", akaniandikia ukurasa mzima kuhusu baba yake alivyoondoka. Viatu viliingia mara moja tu, vikiwa mlangoni.

Waache wakuite Zimamoto. Ukipeleka karatasi hamsini na zote zikawa samaki, umepoteza nini? Utachekwa. Sisi tumechekwa tangu tukiwa wadogo, kwa zile kofia alizotufuma shangazi, na tuko hai.

Jumapili tuna chakula cha pamoja kanisani, na nimepangiwa tena ile jeli ya kijani yenye karoti. Niombee.

Dada yako,
Marlys

Tilden Rapids
2 Aprili 1996

Dada,

Naomba uwe mzima unaposoma hii, na uwe umekaa. Mimi si mzima. Sijalala vizuri tangu Ijumaa.

Alhamisi iliyopita, kabla ya chakula cha mchana, nilifika kwenye karatasi ya mtoto aliyechagua ufunguo. Mwandiko umelala kushoto, penseli imekandamizwa mpaka upande wa pili. Nakuandikia neno kwa neno, maana nimelishika kichwani na halitoki:

"Baba ana funguo tatu. Ufunguo mmoja ni wa chumba cha chini anakokaa Missy akikosea. Mimi humpitishia biskuti za chumvi chini ya mlango."

Nilichukua karatasi nyekundu. Naapa kwako, Marlys, niliichukua, ilikuwa mkononi. Rhonda akaiona, akaanza kuiga king'ora kwa sauti ya chini, "Wiii, wiii," na wale wa mwisho wa meza wakadakia. Orrin akaja, akasoma akiwa nyuma ya bega langu.

"Missy ni mbwa," akasema. "Sisi tulikuwa na Missy nyumbani. Alikuwa anatafuna mazulia, tunamfungia chini."

"Mbwa gani anafungiwa kwa ufunguo?" nikauliza.

"Mbwa mwenye akili," akasema Rhonda, na meza nzima ikaangua kicheko.

Mimi pia nilicheka. Hilo ndilo ninalokuandikia. Hakuna aliyenizuia, Orrin hakunikataza, alisema tu ni mbwa akaenda zake. Sikutaka iwe ya tano. Nikairudisha ile nyekundu kwenye boksi, nikatia alama mbili, kwa sababu funguo na ufunguo vyote vilikuwa sawa, na rundo likaondoka na kigari.

Ijumaa jioni nilikuwa nakula supu kwa biskuti za chumvi. Nikainuka na moja mkononi, nikaenda kwenye mlango wa bafu, nikapiga magoti. Ilipita bila kuvunjika. Nikabaki pale sakafuni nikijiuliza nani anampa mbwa chakula hivyo, kimoja kimoja, chini ya mlango. Ukiwa na ruhusa ya kumlisha mbwa, unafungua mlango unamwekea bakuli. Huyu mtoto alikuwa analisha kwa siri, na amechagua biskuti kwa sababu ni nyembamba.

Namba sikuisoma. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Noreen

Hagen Grove
5 Aprili 1996

Noreen,

Sikuulizi hali. Nimekupigia simu mara sita, huipokei, na mashine yako ya kurekodi ujumbe imejaa. Naipeleka hii posta mwenyewe ifike kesho.

Rudi kwa huyo kocha umwambie aitafute hiyo karatasi. Akikataa, nenda juu yake. Wakikataa wote, nenda polisi, kwa sherifu. Usiniambie sasa kwamba huenda ni mbwa. Ungekuwa unaamini ni mbwa usingepiga magoti mlangoni.

Nitakueleza lililo moyoni mwangu, maana tangu utoto hatujafichana. Nimekukasirikia sana. Mtoto alipewa mistari mitatu na watu wazima wa jimbo zima, akaitumia yote kusema. Alikuwa na msomaji mmoja. Na wewe ukaogopa kina Rhonda! Mimi darasani kwangu nisingepita juu ya sentensi ile, hata kama mkuu wa shule amesimama mlangoni.

Nenda. Kisha niandikie.

Dada yako,
Marlys

Tilden Rapids
16 Aprili 1996

Dada Marlys,

Salamu. Uliyoniandikia ni kweli tupu, sina la kujitetea.

Nilikwenda kwa Orrin Jumatatu asubuhi, baada ya kupata barua yako. Akaniambia karatasi hupitiwa na watu wawili, na kama wa pili naye aliona sawa, basi ni sawa. Nikamwambia wa pili anapewa sekunde zile zile nilizopewa mimi. Akasema, "Noreen, kuna karatasi elfu arobaini humu. Unataka nifungue zote kwa ajili ya mbwa?" Hakusema kwa ubaya. Nadhani anahitaji Missy awe mbwa, kama nilivyohitaji mimi siku ile.

Basi wiki nzima, kila wakati wa chakula cha mchana, nikawa naingia stoo na kufungua maboksi mwenyewe. Nilimaliza matatu. Unaona, Marlys, katika maboksi matatu nilisoma watoto elfu moja na mia mbili, na safari hii niliwasoma kwelikweli, na sasa siwezi kuacha kuwasikia. Mmoja ana masanduku mawili kwa sababu ana nyumba mbili. Mwingine mguu wake mmoja ni mfupi na miguu ya wenzake inakimbia. Wote wana alama mbili. Nilikuwa kwenye boksi la nne waliponikuta. Tulipoajiriwa tulitia saini kwamba hatutagusa karatasi iliyokwisha sahihishwa wala kusema nje yaliyomo. Orrin alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanishikia mlango, na Rhonda alikuwa analia dirishani. Sijui alikuwa analilia nini.

Nikaenda kwa sherifu wa kaunti. Kijana mpole, akanipa kahawa, akatoa kalamu.

"Haya, mama. Mtoto anaitwa nani?"

"Sijui."

"Anaishi mji gani?"

"Sijui. Ndani ya jimbo."

"Mvulana au msichana?"

"Sijui."

"Unajua nini juu yake?"

Nikamwambia ana miaka minane au tisa na anajua umoja na wingi. Akaweka kalamu chini. Alisema atapiga simu kwenye kampuni, na alipiga, nikiwa nimekaa pale. Kampuni ikamwambia mfanyakazi huyo ameachishwa kwa kuvunja masharti. Baada ya hapo alinitazama kwa namna nyingine.

Niseme nini zaidi. Nimeishiwa.

Mdogo wako,
Noreen

Hagen Grove
9 Juni 1996

Noreen mpenzi,

Natumaini hii inakukuta na uhai. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mwenye nyumba wako anasema unatoka asubuhi na gari na kurudi giza likiingia, na kwamba umekonda.

Nilikuandikia maneno makali mwezi wa nne. Siyafuti, ila ningeyaweka taratibu zaidi. Shule zimefungwa, nina chumba cha wageni na bustani ya maharage inayonishinda. Njoo ukae. Vern mwenyewe anakuulizia, na Vern hata mimi haniulizii.

Nami nimejaribu. Nimewauliza walimu wote ninaowafahamu, kaunti nane, kama wana mtoto mwenye ndugu aitwaye Missy. Wamenipatia kina Missy wanne. Wawili ni wakubwa, mmoja yuko chuo, mmoja niliendesha gari saa mbili nikamwona mwenyewe, alikuwa anaruka kwenye kinyunyizio cha maji uani, mnene, mchafu, amejaa furaha. Niliegesha pembeni nikalia kwa sababu hakuwa yeye.

Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Marlys

Tilden Rapids
30 Agosti 1996

Dada yangu,

Nisamehe kwa kimya. Mwili hauna ugonjwa. Huo ndio usemi wa daktari, nami namkubalia.

Nimekuwa nikizunguka. Nilinunua ramani ya jimbo nikaweka alama kwenye kila shule ya msingi, na majira yote ya joto nimezipitia, kwanza shule, kisha bustani za kuchezea na mabwawa ya kuogelea. Naita tu. Nasimama kwenye uzio naita, "Missy!" kama mtu anayemwita wake aende nyumbani. Kisha natazama nani ameinua kichwa. Katika mji mmoja wa kusini kinamama waliita polisi, na walifanya haki. Mwanamke wa miaka arobaini na nne, nywele hazijachanwa, anaita mtoto asiyekuwepo.

Julai, kwenye bustani fulani kando ya mto, niliita, na mbwa wa kahawia akaja mbio. Akakaa miguuni pangu. Mwenye mbwa, bibi mmoja, akaja akicheka, akasema, "Missy hana aibu, anamwendea kila mtu." Nilikaa kwenye nyasi nikamkumbatia yule mbwa mpaka bibi yule akaogopa. Kwa muda wa dakika tano nilikuwa mzima, Marlys. Nilikuwa na njaa. Niliona maji ni mazuri. Kisha nikamuuliza kama ana watoto nyumbani, akasema hajapata kuwa nao.

Juzi nilihesabu. Tangu Alhamisi ile ya mwezi wa tatu ni siku mia moja na hamsini na tatu. Mtoto anayelishwa biskuti anamaliza siku ngapi? Najua labda ni chumba chenye kitanda na taa, labda hufungiwa saa moja halafu hutolewa. Najiambia hivyo kila asubuhi. Lakini mtu aliyefungiwa saa moja hapitishiwi chakula.

Sitakuja Hagen Grove. Nikikaa mezani kwako nitakula, nitacheka, na Missy atakuwa mbwa tena. Usinisubiri.

Wako,
Noreen

Hagen Grove
15 Oktoba 1996

Noreen, mdogo wangu,

Sina salamu nzuri ya kuanzia. Vern mzima, magoti yale yale. Nimekaa na karatasi hii tangu jana na naandika kwa sababu ukikuta habari hii kwa mtu mwingine hutanisamehe.

Jana Jumatatu zilikuja zile nakala za kijitabu cha mazoezi kwa ajili ya mtihani wa mwakani. Jimbo hutuletea, moja kwa kila mtoto, zikiwa na maswali ya mwaka uliopita na mifano ya majibu yaliyopata alama zote, ili watoto waone jibu zuri linafananaje. Zilifika asubuhi. Mkuu wa shule akataka tuanze nazo mara moja. Sikuzipitia kwanza. Nikagawa, nikawaambia wafungue ukurasa wa nne, nikamwita Joelle asome mfano kwa sauti, maana Joelle husoma vizuri.

Akasoma, "Baba ana funguo tatu."

Nilijua hapo hapo. Ningeweza kumkatiza, sikumkatiza, naye akaendelea mpaka biskuti na mlango. Ni picha ya mwandiko wenyewe, Noreen, umelala kushoto kama ulivyosema. Chini yake kumepigwa chapa: "Alama mbili. Mwanafunzi ameonyesha umoja na wingi bila kosa lolote. Sentensi ni kamili na zinaeleweka."

Mapumziko yalipofika nilipiga simu ofisi ya mitihani ya jimbo. Nikapata mama mmoja mchangamfu sana. Akasema, "Ah, lile la funguo! Tulilipenda wote. Kamati nzima ililichagua, watu kumi na wawili, hakuna aliyebisha." Nikamuuliza karatasi yenyewe iko wapi. Karatasi za watoto huharibiwa kila Julai kwa mujibu wa mkataba. Nikauliza namba. Namba hukatwa kabla ya kupigwa picha, kulinda siri ya mtoto. Nikamwomba aisome tena ile sentensi, asome polepole, nikiwa kwenye simu. Akaisoma. Kisha akaniambia kuna simu nyingine inamsubiri.

Kwa hiyo haipo tena popote. Zimebaki nakala elfu arobaini ambazo hazimwelekezi mtu yeyote kwake.

Lakini si hilo lililonikalisha macho. Ni lililotokea kabla ya mapumziko, na nakuandikia kwa sababu ya yale maneno niliyokuandikia mwezi wa nne.

Joelle alipomaliza kusoma, watoto walidakia. Unajua watoto wangu, hawakai kimya hata kanisani. Mmoja akasema, "Missy ni mbwa." Mwingine akamjibu, "Mbwa hafungiwi na ufunguo, mjinga wewe." Hawakuhitaji hata dakika moja. Kisha Joelle, akiwa bado amesimama, kidole kiko palepale chini ya mstari, akaniuliza:

"Mwalimu, Missy walishamfungulia?"

Watoto ishirini na wawili walinitazama. Wote walikuwa wanangoja jibu, na nikaona kwamba wakilikosa wataanza kulia, au watakwenda nyumbani kuuliza, na wazazi watapiga simu, na mkuu wa shule atakuja. Mkuu hakuwa hata mlangoni, Noreen. Hakuna aliyekuwa ananicheka.

Nilisema, "Swali lilikuwa la umoja na wingi, Joelle. Keti." Akaketi. Nikawaambia wafungue ukurasa wa tano, nao wakafungua.

Dada yako,
Marlys